Kuchafua Kifaru cha Nyamwange

Kaplong,
12 Februari 2023

Kwa mtoto wa dada yangu, Fancy Chepchirchir,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Hatujambo, isipokuwa jua. Limewaka tangu Krismasi na majani ya chai yamekuwa magumu. Tunachuma kidogo sana, hata gari la kiwanda likija linaondoka karibu tupu. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mama Vinny anakusalimu na anasema ulipokuja Krismasi ulikuwa umekonda, nami nimeahidi kukuandikia hilo, basi nimeandika. Mama yako nilimwona Kabianga juzi kwenye mazishi, goti lake linaendelea vizuri. Msalimie Weldon.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Masikio yangu unayajua. Nilikaa miaka mingi ndani ya kifaru, injini nyuma yangu na mzinga mbele ya uso, na sasa mtu akinipigia simu nasikia kama anachemsha maji. Hizo SMS nazo, kidole changu kikibonyeza herufi moja zinakuja tatu. Barua naiweza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kuandika barua nilijifunzia jeshini, na Kipsigis changu kikishaingia kwenye karatasi hata mimi mwenyewe siwezi kukisoma.

Sasa jambo lenyewe. Krismasi ulituonyesha kwenye simu vile vifaru vidogo unavyounda kwa plastiki ukitoka kazini. Vinny alicheka, akasema huyu dada anatengeneza meno ya wazee mchana na vitu vya watoto jioni. Mimi sikucheka. Nataka kimoja. Nataka kile chetu tulichokuwa nacho kule kaskazini, kile cha Kiingereza, na picha yake nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sitaki king'ae kama kimetoka dukani. Rangi iwe imebanduka pale ilipobanduka, na vumbi liwe pale lilipokaa. Kiwe kama kilivyokuwa tukitoka safari ndefu.

Ni cha kuweka kwenye kabati ya sebule tu.

Mama wako,
Aron


Thika,
12 Machi 2023

Mama Aron,

Chamgei mising. Mimi mzima, kazi ipo, na huku Thika mvua imeanza kunyunyiza. Nimefurahi kuhusu ndama. Mwambie Mama Vinny kwamba sijakonda, ni ile nguo.

Karani wa ofisi ya mizigo alinisumbua kweli. Kwanza aliona nimeandika "Kwa Mama Aron", akauliza mbona huyu mama ana jina la kiume. Nikamweleza kwamba kwetu ndugu ya mama naye tunamwita mama. Akaandika, lakini uso wake haukukubali. Halafu akauliza ndani kuna nini, nikasema kifaru. Aliweka kalamu chini. Nadhani alikuwa anawaza yule wa pembe, na askari wa wanyamapori wakija kumkamata pamoja nami. Ilibidi nifungue boksi.

Hicho unachokiona bado si kazi iliyokwisha, nimekutumia uniambie kama nakwenda vizuri. Nimekifanya hivi. Kwanza nilipuliza rangi ya kutu kila mahali. Ilipokauka nikapuliza juu yake ile dawa ya saluni ya kukaza nywele. Halafu nikapuliza kijani cha jeshi. Baada ya hapo unachukua brashi, unailowesha maji, unasugua taratibu. Maji yanaingia chini na kuyeyusha ile dawa ya nywele, na kijani kinabanduka vipande vidogo vidogo, kutu inachungulia. Ukiridhika unapiga vanishi juu ya yote ili isibanduke tena. Jirani yangu amenikuta nikinunua makopo ya dawa ya nywele na kichwa changu nimekinyoa, akaniangalia sana.

Vumbi lake ni udongo halisi. Mama alinitumia miche ya mboga kutoka Kabianga, nikauchukua ule udongo wa kwenye mizizi, nikaukausha, nikauchunga kwa soksi ya nailoni. Nimejivunia hapo.

Sasa niambie ukweli. Kabati yenu ya sebule ina vikombe vya Mama Vinny na picha ya harusi, na hujawahi kutaka pambo maishani mwako. Kifaru hiki ni cha nani? Na yale meno niliyokutengenezea, unayavaa?

Fancy


Kaplong,
16 Aprili 2023

Kwa Fancy,

Salamu. Mvua imekuja kwetu pia na chai imechangamka. Tangu wiki iliyopita tunachuma mpaka mikono inakuwa myeusi. Ndama anakua. Mama Vinny anasema kama ni nguo basi ivue. Msalimie Weldon, umesahau kuniambia kama yuko salama. Meno yapo salama.

Mzigo ulichelewa kwa sababu waliushusha Litein badala ya huku, na Vinny akaenda kuuchukua kwa boda. Nimekikagua kifaru chako mezani, na miwani, na kwenye mwanga wa dirisha. Umbo ni lenyewe kabisa. Uchafu sio.

Kwanza, umekibandua kila mahali sawasawa, kama kuku anayenyonyoka. Rangi ya kifaru inatoka pale panapoguswa. Inatoka kwenye ukingo wa mifuniko, pale buti linapokanyaga mtu akipanda, kwenye pembe za masanduku ya vifaa, kwenye ndoano za kukokotea. Ubavuni pa kile kichwa kinachozunguka nani atapagusa? Hapo rangi inapauka tu kwa jua. Pili, chini ya kijani hakukuwa na kutu. Kulikuwa na kijani kingine cha zamani, kilichofifia, maana jeshi linapaka rangi juu ya rangi. Chuma kitupu kilionekana mahali pachache sana. Tatu ni huo udongo wako. Nilipofungua boksi, Mama Vinny akauliza hiki kifaru kimetoka kuchuma chai? Udongo mwekundu ni wetu sisi. Wewe umezaliwa juu yake, kwa hiyo kwako kila uchafu ni mwekundu. Kule kaskazini vumbi ni jeupe linaloelekea kijivu, laini, na linakaa mpaka kwenye kope.

Kuhusu kabati, umenishika. Ni cha Nyamwange.

Nyamwange alikuwa dereva wangu. Ni Mkisii, na tulipostaafu nilimwambia kuna shamba linauzwa huku upande wa Sotik, akanunua, akahamia na familia. Kwa hiyo tumekuwa pamoja kwanza ndani ya chuma na halafu kwenye chai. Mwaka juzi akili yake ilianza kumtoroka. Naenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, na Phanice, mke wa kijana wake Onchiri, anatuwekea chai. Nyamwange ananiita mwalimu. Siku nyingine mimi ni daktari wa mifugo, ananiuliza ng'ombe atapona lini. Nikimwambia mimi ni Aron, anasema hapana, Aron yuko kambini, atakuja.

Inaniuma, Fancy. Nataka anijue mara moja tu, siombi zaidi ya hapo. Nimefikiri kwamba akikiona kifaru chetu chenyewe, na alama zake zote, kitu kitashtuka kichwani mwake. Lakini alama zikikosea atakiona kama kifaru cha watu wengine.

Basi sikiliza. Mfuniko wa dereva uko mbele upande wa kulia. Ukingo wake ulikuwa chuma kitupu upande mmoja, hapo alipozoea kushika akiingia. Madigadi ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo mrefu, alikipitisha karibu sana na mti wa miiba akasema mti ndio uliosogea. Nyuma, chini ya mdomo wa dizeli, kulikuwa na doa jeusi linaloteremka, kwa sababu kila akijaza alimwaga, na kila akimwaga alilaumu pampu. Kwenye paji la kifaru, karibu na taa, kulikuwa na duara dogo lililoungua, hapo aliweka sufuria ya chai. Nyingine nikikumbuka nitaandika.

Mama wako,
Aron


Thika,
28 Mei 2023

Mama Aron,

Barua yako niliisomea kazini nikiwa na taya la mtu mkononi, nikaliweka chini. Pole sana kwa ajili ya Nyamwange. Ungeniambia tangu mwanzo nisingecheza na udongo wa mboga.

Ile ya kuku imenichoma, lakini ni kweli, na ilipaswa nijue mwenyewe. Kazi yangu ni meno. Mtu anayetafuna upande mmoja analika upande mmoja, na mtu anayeng'ata misumari naona mpaka pengo la msumari. Hakuna mdomo unaochakaa sawasawa. Lakini nilipokaa mbele ya kifaru nilisahau yote nikawa nabandua tu kwa sababu inapendeza.

Kwa hiyo nimekiloweka, nikaitoa rangi yote, nikaanza upya. Sasa chini kabisa kuna dawa ya nywele, juu yake kijani cha zamani, halafu dawa tena, halafu kijani kipya. Mabanduko madogo sana nayapiga kwa kipande cha sponji ya godoro. Unakichovya kwenye rangi, unakifuta karibu chote kwenye karatasi, halafu unagusa ukingo tu, kama mtu anayepapasa kidonda. Pale penye chuma kitupu natumia risasi ya penseli, nasugua kwa kidole mpaka inang'aa ule mng'ao wa kitu kinachoshikwa kila siku. Ukingo wa dereva umenichukua jioni nzima. Nilikuwa naweka mkono wangu kama wake, najiuliza vidole vinne vitaangukia wapi.

Vumbi nimelipata. Kuna dereva wa lori anayeleta mbuzi kutoka Isiolo, nikamwomba anijazie chupa ya soda vumbi la barabarani. Aliniuliza ni la kumroga nani. Nikamwambia ni la mzee mgonjwa, na hapo ndipo alipoogopa zaidi, lakini alileta. Ulisema kweli, ni kama majivu ya jikoni. Nilipolipuliza kwenye minyororo kifaru chote kilibadilika, kikawa kimetoka mahali.

Kila barua unamsalimia Weldon na kila barua napita pembeni. Weldon alihama Januari. Hakuna aliyempiga mwenzake, tulichoka tu, na mimi nimechoka zaidi kuulizwa. Mama sijamwambia, na wewe usimwambie. Meza aliyoiacha ndiyo naundia kifaru. Jioni ni ndefu huku, kwa hiyo usifikiri unanisumbua na hizi alama zako. Leta zote.

Fancy


Kaplong,
2 Julai 2023

Kwa Fancy,

Salamu kutoka kwetu. Baridi imekuwa kali na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Chai inaenda polepole.

Kuhusu Weldon nimekusikia. Kwa mama yako sitasema neno, hilo ni lako. Chumba cha nyuma kipo. Nilimwambia Mama Vinny kwamba panya wameingia kwenye blanketi za chumba kile, akazifua zote na kutandika upya, kwa hiyo siku ukitaka kuja kitanda ni safi na hakuna anayejua kwa nini. Salamu za Weldon sitaandika tena.

Sasa kuna jambo baya. Phanice amepata kazi ya uuguzi Nakuru, na Onchiri amekubali wahame wote, na mzee wao wanaenda naye. Shamba watalikodisha. Siwalaumu, ni vijana na wana watoto wa shule. Wanaondoka Jumamosi tarehe 22 mwezi huu.

Jumapili iliyopita nilipoaga, Nyamwange alinipa mkono kwa adabu, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni wa kanisa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimemkasirikia Mungu, na mpaka leo sijamwomba msamaha kwa hilo.

Akienda Nakuru sijui kama nitamwona tena tukiwa wote wawili tunatembea. Kwa hiyo kitume kilivyo. Kama kuna kilichobaki, kiache kibaki.

Alama ya mwisho niliyokumbuka ni kwamba ngazi ya nyuma ilikuwa imepinda chini.

Mama wako,
Aron


Thika,
14 Julai 2023

Mama Aron,

Barua imenifikia jana, ilizunguka hata sijui wapi. Naandika haraka ili mzigo uondoke na gari la leo. Mimi mzima. Mwambie Mama Vinny asante kwa blanketi, au usimwambie, unajua mwenyewe.

Kifaru kimekwisha isipokuwa vanishi. Vanishi inataka siku kadhaa kukauka, na siku hizo hatuna. Kwa hiyo kishike kwa chini tu, kwa kitambaa kikavu. Maji yasikiguse hata tone, kwa sababu ile dawa ya nywele bado iko chini ya rangi na ikilowa kila kitu kitatoka. Boksi nimeliandika "juu" pande zote.

Nimeweka kila ulichosema. Ngazi nimeipinda kwa koleo. Doa la dizeli nimelichora kwa rangi ya mafuta na kulivuta chini kwa brashi yenye tapentaini kidogo, halafu vumbi likashika juu yake, maana dizeli inakamata vumbi. Duara la sufuria ni dogo kuliko punje ya dengu. Mti wa miiba nao nimeuheshimu, mkwaruzo ni mmoja mrefu na mingine miwili mifupi pembeni, kwa sababu mti una matawi.

Sijawahi kufanya kitu kizuri kama hiki, na nasema bila aibu. Niliweka picha kwenye kundi la watu wa vifaru mtandaoni, na kuna mtu wa Poland ameniuliza vumbi hilo linauzwa duka gani. Septemba kuna maonyesho Nairobi. Ukishakionyesha kwa Nyamwange nirudishie, nikipige vanishi nikipeleke. Nitaandika majina yenu wawili kwenye kibao.

Naomba akujue, Mama. Nimeomba kweli, na mimi siombi mara nyingi.

Fancy


Kaplong,
6 Agosti 2023

Kwa mtoto wa dada yangu Fancy,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Ukungu umepungua. Ndama tulimpa jina la Nailoni kwa sababu Mama Vinny aliipenda ile hadithi ya soksi. Mama yako alikuja na tulikunywa chai, aliuliza habari zako, nikamwambia una kazi nyingi.

Najua unasubiri, na najua nimechelewa kuandika. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaiacha.

Nilienda Ijumaa alasiri, kesho yake ndiyo safari. Nyumba ilikuwa na magunia na magodoro yamefungwa. Phanice alitandika kitambaa juu ya meza iliyobaki, nikakitoa kifaru kwenye boksi kwa kitambaa kikavu kama ulivyoagiza, nikakiweka mbele ya Nyamwange. Fancy, kilikuwa chenyewe. Mimi nilikiona nikahisi joto la injini mgongoni. Vumbi lile nililijua kwa pua.

Alikiangalia muda mrefu. Nikamwonyesha mfuniko wake, ule ukingo. Nikamwonyesha mti uliosogea. Nikamwonyesha dizeli, nikamwambia leo tuseme ukweli, haikuwa pampu. Nikamwonyesha duara la chai. Alifuata kidole changu kila mahali kwa heshima, halafu akasema, "Mwalimu, hii ni ya mtoto gani?"

Niliketi. Phanice alileta chai na karai la kunawia mikono. Nilikuwa nafikiria tu nitakurudishiaje boksi na nikuambie nini.

Basi Nyamwange akanawa, na alipomaliza kunawa hakulirudisha karai. Alivuta kitambaa cha meza mpaka vikombe vikagongana, akachovya pembe yake kwenye maji, akashika kifaru chako kwa mkono mmoja na kuanza kukisugua. Nilikumbuka barua yako, nikanyoosha mkono kumzuia. Akanipiga kiganjani. "Wacha," akasema.

Alianza na mfuniko wa dereva. Akaja kwenye paji, akateremka madigadi, akazunguka nyuma, akaingia kwenye minyororo kwa ukucha. Huo ndio mpango wenyewe tuliokuwa tunaoshea, mbele kwenda nyuma, hakuruka kitu. Vumbi la Isiolo lilitoka kwanza, halafu rangi, vipande vipande, mpaka maji ya karai yakawa kijani. Na alikuwa ananung'unika. "Gari chafu. Inspeksheni kesho, na gari chafu namna hii. Nani amekwaruza hapa? Watu hawana aibu." Phanice alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akaniangalia, nikamwashiria anyamaze.

Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Koplo Aron, unasimama hapo unaangalia nini? Leta maji safi."

Fancy, nilileta maji. Nilistaafu nikiwa sajini, lakini sikubishana naye kuhusu cheo. Nilimwaga yale ya kijani nje, nikajaza karai, nikakunja mikono ya shati, tukaosha pamoja. Aliniambia nisisugue hivyo, nisugue hivi. Nikasugua hivyo alivyotaka. Nililia pia, naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Mwishowe aliinua uso akanitazama vizuri, kichwa upande, akauliza, "Aron, umezeeka lini wewe?" Nikamwambia juzi tu. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, na Phanice alituacha akaenda kulia jikoni peke yake. Chai haijapoa alikuwa amenipoteza tena. Lakini alikuwa amenijua.

Tangu siku ile nimejiuliza tulikosea wapi, na nimeona kosa ni langu, si lako. Zile alama ni mimi niliyekuwa naziona, kwa sababu mimi nilikaa juu na kazi yangu ilikuwa kuangalia. Kwa Nyamwange rangi iliyobanduka haikuwa ukumbusho. Ilikuwa kazi ya kesho. Kila Ijumaa alikuwa na ndoo yake, na kopo la kijani, na brashi, akiyafuta hayo yote tuliyoyarudisha kwa taabu wewe na mimi. Hakuna siku aliyokaa akatazama uchafu akaridhika.

Kuhusu kifaru chako, hakuna cha kurudisha. Rangi yote imekwenda na mzinga umepinda. Ni kazi ya miezi yako na ya jioni zako, na ulikuwa unakipeleka kwenye maonyesho. Samahani nakuomba, lakini sitakudanganya kwamba najuta.

Waliondoka Jumamosi, naye amekipakata. Juzi Onchiri alimpigia Vinny. Anasema huko Nakuru kila asubuhi mzee anaomba karai, anaosha, na anapoosha anaongea, anawataja watu wa kikosi mmoja mmoja kwa majina, na mimi nimo. Lakini sasa plastiki imebaki tupu, inang'aa, hakuna cha kutoa. Anakigeuzageuza, anakiweka chini, anarudi kukaa kimya.

Kwa hiyo tengeneza kingine. Nijulishe siku utakayokituma Nakuru, nami nitapanda gari niwe nimekaa mbele yake boksi likifunguliwa. Alama sitakuchagulia tena, weka popote, kama kuku ukipenda. Kichafue tu, Fancy. Kichafue mpaka uone aibu kukipeleka kwa karani.

Mama wako,
Aron